Kloridi Iliyowekwa Darini

Mwalimu Chepngeno amefundisha kemia katika shule ya wasichana ya kutwa karibu na Kaplong tangu ujana wake, na mwisho wa muhula huu anastaafu. Si mtu wa makuu. Ana ng'ombe wake, ana shamba lake la majani chai, na ana donda moja moyoni: hajawahi hata mara moja kuwaonyesha wanafunzi wake kloridi ya aluminiamu ikifoka inapokutana na maji.

Utasema jambo lenyewe ni dogo. Kwake si dogo. Safu ya tatu ya jedwali la elementi anaijua kama watu wanavyojua ukoo wao. Kushoto kuna kloridi ya sodiamu, chumvi yetu ya kawaida; itie majini, itayeyuka na kunyamaza, na karatasi ya litmasi, ile inayogeuka nyekundu penye asidi, haitabadilika. Ya magnesiamu nayo ni tulivu, inatia uasidi kidogo tu. Ukifika kwa aluminiamu mambo yanageuka: inachemka, inatoa moshi mweupe unaowasha pua, na maji yanabaki asidi. Silikoni na fosforasi huko mbele ndio usiseme. Lakini hiyo ya aluminiamu lazima iwe kavu kabisa, na huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri. Stoo ya shule inavuja, na kila chupa iliyowahi kuletwa ilikunywa unyevu ikaharibika kabla ya somo. Miaka nenda miaka rudi, wasichana wamekariri moshi wasiouona.

Safari hii akapata chupa mpya, akaapa haitalala stoo. Aliipeleka nyumbani, akaipandisha darini jikoni, juu ya moto wa kuni, pale mbegu za mahindi hukaa bila kuota ukungu. Kama hapo si pakavu, ni wapi tena? Akamwambia mama mkwe wake, ambaye boma zima humwita Kogo, yaani bibi, kwamba hiyo ni mali ya shule, isiguswe.

Asubuhi ya somo aliishusha mbiombio, akaifunga kwa leso, akaenda. Alipokuja kuifungua mbele ya darasa, kifuniko kilitoka kirahisi mno, na unga ulikuwa umeshikana kama chumvi ya ng'ombe msimu wa mvua. Moyo ukamshuka. Lakini wasichana walishasimama mbali na meza, madirisha wazi, jinsi alivyowaagiza, kwa hiyo akapiga moyo konde. Chumvi: litmasi kimya. Magnesiamu: wekundu wa mbali. Aluminiamu: ikazama, ikayeyuka polepole, haikusema neno. Litmasi iligeuka nyekundu, ni kweli, ila moshi haukutoka hata wa kubabaisha. Nyathira, binti wa wafanyabiashara wa Sotik, akaanza kupiga makofi kwa heshima, na wenzake wakafuata. Makofi hayo yalimuuma mwalimu kuliko kama wangemcheka.

Jioni alimkuta Kogo akipika chai. Mvuke wa sufuria ulipanda moja kwa moja hadi darini, na hapo ndipo mwalimu alipojiona mjinga. Akauliza kama kuna mtu aliyegusa ile chupa. Kogo hakuficha. Aliifungua kitambo, akidhani ni dawa ya ng'ombe. Unga kidogo ukamwagikia kifuniko cha sufuria kilicholowa, ukalia tsss, ukatoa moshi, naye akakohoa mpaka nje. Kisha akaifunika nusu tu, maana kitu cha darini, kama mbegu, lazima kipumue.

“Moshi wa rangi gani, Mama?”

“Mweupe. Ulinipiga pua mpaka nikatokwa na machozi.”

Mwalimu akaketi kwenye kigoda. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Darasa baada ya darasa, na mtu pekee aliyeuona moshi ule ni bibi ambaye hakuwahi kukaa kwenye dawati. Kisha akacheka mpaka naye akatokwa na machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko.

“Kesho tutaenda sote shuleni,” akasema. “Utawaambia wasichana wangu ulichoona.”

Kogo akakataa katakata. Hawezi kusimama mbele ya watoto wa watu kueleza kitu asichokielewa. Akammiminia chai, akavuta kiti chake karibu.

“Kwanza niambie mimi. Kwa nini ilikasirikia maji?”

Tangu aolewe katika boma lile, hakuna aliyewahi kumuuliza Chepngeno kuhusu kazi yake. Akanyoosha mkono, akachukua mkebe wa chumvi, akaanzia kushoto.