Picha Niliyochuchumaa

Nimezaliwa Tanga, nimesoma Tanga, nimefundisha hesabu Tanga mpaka nikastaafu, na nyumbani kwangu Nguvumali upepo wa bahari unafika mpaka jikoni. Kuogelea sijui. Wasichana wa rika langu hatukufundishwa; kaka zetu walijirusha majini, sisi tukawashikia nguo. Mtu akiniuliza nilikuwa najibu, "Mimi mtoto wa pwani, bwana," na maswali yanaishia hapo.

Kilichoniponza ni picha. Wanawake wa mtaani tulikwenda kuoga mwaka, kama mama zetu walivyokuwa wakifanya: unaingia baharini na kanga zako, mikosi ya mwaka uliopita unaiacha huko, unarudi nyumbani kula. Maji yalinifika mapajani, na zaidi ya hapo sikuthubutu, basi nikachuchumaa ili chumvi inipate mwili mzima. Shoga yangu akanipiga picha hapo hapo. Kinaonekana kichwa tu juu ya maji, kinacheka. Nami kwa kiherehere nikamtumia mjukuu wangu wa Dodoma, mwenye miaka tisa.

"Bibi, kumbe unaogelea!" akanipigia.

Ningesema hapana, yakaisha. Nikasema, "Ulidhani?"

Picha ilioneshwa darasa zima. Halafu likizo ilipokaribia, mama yake, yaani binti yangu, akanipigia. "Mama, anakuja kwako, na anataka bahari. Nimemwambia aingie ukiwa naye tu. Wewe unajua, mimi sina wasiwasi."

Wasiwasi wote alikuwa ameniachia mimi. Mtoto angeweza kuzama mbele ya macho yangu, na sababu ikawa picha.

Nikatafutiwa mwalimu wa kuogelea, msichana anayefundisha wanawake asubuhi maji yakijaa. Mzaliwa wa Amani, amejifunzia kwenye mabwawa ya mto huko milimani! Mimi wa pwani nifundishwe bahari na mtu wa msituni. Niliumia, sifichi.

"Shikamoo mama," alisema kwenye simu. "Umewahi kutumbukiza uso kwenye maji?"

"Marahaba. Nimewahi kuosha uso."

Akaniagiza mambo mawili kabla ya somo la kwanza: nizoee kutoa pumzi ndani ya maji, na nije na nguo nyepesi isiyokunywa maji.

La kwanza nililifanyia uani, kwenye beseni la kufulia. Nilipiga magoti, nikazamisha uso, nikapuliza. Siku ya tatu nainua kichwa, jirani yangu kasimama mlangoni na sahani ya vitumbua, ananitazama kwa huruma.

"Pole shoga. Meno ya bandia yameangukia humo?"

Nikasema ndiyo. Alinisaidia kuyatafuta muda mrefu, maskini, na mimi sina hata jino moja la bandia.

Kuhusu nguo, nilikwenda kwa mzee mmoja wa Kihindi ambaye familia yake imeuza vitambaa tangu mimi sijaolewa. Nikamwambia nataka kisichokunywa maji. Akanishushia kitambaa cheusi cha kushonea miavuli. "Hiki hakipitishi hata tone," akasema. Nikafurahi sana. Nikampelekea fundi, nikataka suti ya heshima: suruali mpaka vifundoni, mikono mpaka viganjani, na mpira ubane shingoni, mikononi na miguuni. Fundi alinipima, kisha akaniuliza kwa adabu kama ninakwenda kurina asali.

Siku ya somo ilibaki wiki moja mjukuu afike. Niliingia na suti yangu, nimemshika mwalimu mkono kama mtoto wa chekechea, maji yakafika mapajani. Akasema, "Sasa mama, chuchumaa mpaka yafike shingoni."

Hilo nilikuwa nalijua kuliko mtu yeyote Tanga. Nikachuchumaa kwa madaha.

Kitambaa kisichopitisha maji hakipitishi hewa pia, na mipira ilikuwa imebana kila mahali. Hewa ikapanda yote kifuani na mgongoni, suti ikafura, miguu ikaacha mchanga, nikaelea chali kama andazi kwenye karai. Nikapiga kelele. Mwalimu alinivuta kwa shingo ya suti, na alicheka mpaka akalazimika kunishikilia ili asianguke yeye.

Ufukweni nilimuuliza, "Baada ya wiki moja nitaweza kumshika mtoto majini?"

Akaacha kucheka. "Mama, baada ya wiki moja labda utaweza kujishika mwenyewe."

Nilimpigia mjukuu wangu hapo hapo, kabla ushujaa haujanikauka pamoja na suti. Aibu ilinichoma.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "Bibi yako hajui kuogelea. Ile picha nilichuchumaa."

"Najua, Bibi. Niliikuza. Magoti yako yanaonekana chini ya maji."

"Tangu lini umejua?"

"Siku ile ile."

"Na bado ukawaonesha darasa zima?"

"Wao hawakuikuza," akasema. Kisha kwa sauti ndogo, "Bibi, mimi naogopa maji. Nikija, tunaweza kuchuchumaa tu?"

Kitambaa kilikuwa kimebaki. Kesho yake nilikipeleka kwa fundi, nikamwambia ashone suti nyingine, ya miaka tisa, na mara hii asitie mpira.