Boflo ya Berea

Mwaka 2011 nilipanga chumba katika mtaa wa Berea, huko ugenini kusini mwa Afrika, katika fleti moja na mzee wa Tanga. Alikuwa akioka boflo, ule mkate mweupe laini wa kwetu pwani, na kuwauzia Watanzania na Warundi wa jengo letu. Kila asubuhi mimi ndiye niliyekuwa mteja wake wa kwanza.

Siku moja nilimuuliza neno boflo limetoka wapi.

"Kwa waoka mikate wa Kihindi, mwanangu," alijibu. "Babu yangu aliwafanyia kazi. Sisi tulikula muhogo. Boflo ilikuwa ya wenye nafasi, unga wake ukichekechwa mara tatu."

Nilimpigia mama simu, akacheka. Alisema kila mtu ana hadithi yake, na hakuna ajuaye kwa hakika. Mimi nilimwamini mzee.

Wiki hiyo bomba la jikoni lilikatika. Nilikwenda bafuni kuchota maji, nikamkuta amepiga magoti, anakanda unga ndani ya hodhi tuliloogea watu wanane. Utando wa kijivu wa sabuni ulikuwa bado umeganda pembeni.

"Usishangae, moto unaua kila kitu," alisema, huku akichomoa unywele kwenye donge kwa kucha.

Nilitapika kwenye choo cha mle mle bafuni.

Niliwaambia majirani wote. Mama mmoja Mrundi alitupa mikate yake yote. Wengine walisema nina wivu, wakaendelea kununua. Mpaka nilipohamia mtaa wa Jeppestown, kila harufu ya hamira ilipopanda asubuhi nilifunga mlango na kuziba pua kwa kanga.