Mkwaju Ambao Hatukuokota Matunda Yake

Juzi, kabla ya adhana ya magharibi, mjukuu wangu aliniwekea kikombe cha juisi ya ukwaju. Nikafuturu kwa tende na maji, mwenzangu, kikombe nikakiacha. Ngoja nikueleze, na usinihurumie.

Nilikuwa na umri wa kuteka maji kwa ndoo ndogo. Tulikaa upande wa Mzenga, jirani na shamba la mkonge la mzungu mmoja, na baba yangu alikuwa nyapara humo. Njiani palikuwa na mkwaju mkubwa. Ukwaju ulidondoka ukajaa chini, uchachu wake ukanuka mpaka barabarani, na hakuna mtoto aliyeokota. Mtu akifika pale alitua mzigo wa kichwani, akaupitisha mkononi, akajitwika tena mbele. Ndiyo heshima yao: enzi za utawala wake, Mjerumani alinyonga watu watatu kwenye mti ule, na mmoja alikuwa kaka yake bibi yangu mzaa baba.

Siku moja mimi na bibi tulimpelekea yule mzungu mayai. Akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuamrisha, kwa nini watu wanatua mizigo pale mtini. Bibi akamweleza yote, hata tawi lenyewe akamwonyesha kwa kidole. Mzungu akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchagua mayai.

Hazikupita wiki mbili, wakata mkonge wakakataa kuongezewa kazi. Asubuhi yake tukakuta kamba inaning'inia kwenye tawi lile lile, imefungwa kitanzi. Wanawake walikaa chini wakalia. Wanaume hawakwenda shambani.

Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kiingereza, akaja, baraza likaitishwa. Mzungu akasema yeye mgeni, mambo ya Mjerumani hayajui, kamba aliitundika apimie mizigo. Bibi akasimama.

"Anajua. Nilimwambia kwa mdomo wangu, na mjukuu wangu huyu ndiye aliyeshika kapu la mayai."

Bwana Shauri akanigeukia. Nikamtazama baba. Alisimama nyuma ya kiti cha mzungu, kofia mkononi, amenikazia macho.

"Sikumbuki, bwana," nikasema.

Mtu akacheka nyuma, akasema bibi kishazeeka, anachanganya mambo. Wengine wakacheka naye, wale wale waliolia chini ya kamba. Nadhani walikuwa wanatafuta njia ya kurudi kazini, nami nikawapa. Mzungu akaambiwa aiondoe kamba yake, basi, yakaisha.

Tukarudi nyumbani tumejitwika kuni, bibi mbele. Pale mtini akatua mzigo wake. Nikataka kutua na mimi.

"Wewe pita nao kichwani," akasema. "Si hukumbuki?"

Nikapita nao. Hakunigombeza tena, wala hakunichukua tena kupeleka mayai.

Mkwaju wenyewe ulikatwa zamani, ukachomwa mkaa. Vijana wanapita pale na bodaboda zimejaa magunia, hawapunguzi hata mwendo. Siwalaumu. Yule mzungu alijua, akasema hajui. Hawa hawajui kweli, kwa sababu bibi alikufa akiitwa mzee aliyechanganyikiwa, na mimi niliyekuwepo nilifunga mdomo miaka yote hii.

Mjukuu aliniuliza mbona sinywi. Nikamwambia sukari imezidi.