Namba Nne Alizoondoka Nazo

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani kanivumbua. Nilianza kwa kubeba magunia stesheni ya Kilosa. Leo nina mashine mbili za kusaga, nina vyumba vya kupangisha Mikumi, na simu yangu ni kubwa kuliko za watu waliosoma mpaka wakavishwa joho. Kuandika naandika kwa kidole gumba, polepole, lakini nikiandika kinasomeka.

Simu hiyo ndiyo iliyoniingiza kwenye grupu. Ni la watu wa huku kwetu, Kilosa mpaka Mikumi: wakulima, wenye maduka, wastaafu wa reli, mwalimu mmoja mwanamke wa hesabu na fundi simu wa pale sokoni. Lilianzishwa kwa ajili ya kuzikana. Kwa kuwa watu hawafi kila siku, siku zinazobaki tunabishana. Huyu anauliza kwa nini betri yake imevimba kama andazi. Yule anaapa kwamba simu zinatusikiliza, maana alimtajia mkewe habari ya majembe na papo hapo akaletewa tangazo la majembe. Halafu zinakuja siri zilizovuja: karatasi ya kikao iliyopigwa picha kabla wajumbe hawajakaa, au sauti ya mtu anamsema jirani, kaituma kwa jirani mwenyewe. Na Jumapili, watu wakishatoka ibadani, mwalimu anatuletea hesabu.

Jumapili moja alileta hii: thelathini gawanya kwa nusu, kisha ongeza kumi. Nikajibu wa kwanza, ishirini na tano. Mwalimu akasema jibu ni sabini. Nikamwambia mimi nimegawa magunia tangu yeye hajazaliwa, na nusu ya thelathini ni kumi na tano hata kwa mlevi. Hiyo sabini kaichuma mti gani? Watu wakamwaga vile vikatuni vya kucheka mpaka simu ikawa nzito. Aliyenijibu kiutu uzima ni rafiki yangu wa Munisagara. Yeye alipenda kutuma sauti kuliko kuandika.

"Ndugu yangu, wewe ukiona kitu unakata," alisema. "Hapa hukuambiwa ukate. Umeulizwa ndani ya thelathini kuna nusu ngapi. Uliza kwanza, kisu baadaye."

Sikukubali. Hata leo nimekubali kidogo tu.

Rafiki yangu huyo alikuwa mtoto wa reli. Baba yake aliletwa kutoka upande wa Tabora kufanya kazi kwenye genge, lile kundi la watu wanaokaa kandokando ya njia ya treni na kuitengeneza. Yeye mwenyewe alifanya kazi hiyo hiyo kwa miaka, kisha akawa mkulima wa vitunguu. Alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mzuri. Mvua za vuli zilipoanza aliumwa, hakukaa sana, akafariki. Tulimzika sisi wa grupu, na siku chache hizo hakuna aliyeleta hesabu wala betri.

Matanga yalipokwisha, nilikuwa kwenye kibanda cha fundi simu, simu yangu inasumbua kuchaji. Nikamkuta mjane wa rafiki yangu ameketi kwenye benchi, kashika mkoba mapajani. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamuuliza kilichomleta. Alikuwa kaleta simu ya marehemu. Imefungwa kwa namba nne na hakuna azijuaye. Nyumbani mwao simu ilikuwa hiyo moja tu, na aliyeishika ni mume. Fundi alikuwa kamweleza kwamba kuifungua ni rahisi, ila itafunguka ikiwa tupu kama siku ilipotoka dukani. Mama akakataa, na hakuwa tayari kuondoka.

Mimi sijui kuzungusha maneno. Nikamwambia, "Shemeji, mwanamume akifa na simu yake imefungwa, saa nyingine ni heri ibaki imefungwa."

Akanitazama bila hasira. "Simtafuti mume wangu humo, shemeji. Yeye nimemzika. Namtafuta binti yangu."

Binti yao nilimfahamu. Alikuwa akipika chakula kwenye kibanda pale Mikumi barabarani, abiria wa mabasi wakishuka wanakula kwake, na alifariki kabla ya baba yake. Mama akanieleza kwamba sauti alizokuwa akimtumia baba zimo kwenye simu ile, na hazipo kwingine. Kila Jumapili wakitoka kanisani mzee alikuwa akikaa naye uani, anabonyeza, wanamsikiliza mtoto wao, halafu anazima na kwenda kulisha kuku. Miaka yote ile tunabishana naye, hakutuambia hilo.

Fundi alifanya aliloliona jema. Alilitupa jambo kwenye grupu: nani anaweza kukisia namba nne za marehemu, ili mama apate sauti za mtoto? Lo, watu wakaamka. Mmoja akasema jaribu mwaka wa kuzaliwa, wengi ndio tunaoweka. Mwingine akasema hapana, mtu mwenye akili anaweka namba za pikipiki yake, kama yeye anavyofanya. Wa tatu akasema yeye kaweka moja nne zote, kwa sababu mwizi hawezi kudhani kuna mtu mjinga kiasi hicho. Mwenye duka la pembejeo akaeleza kwamba huchukua mwaka wa ndoa akaugeuza nyuma mbele, na mkewe yumo humo humo kwenye grupu anasoma. Kufika jua la utosi nusu ya memba walikuwa wameshatoa siri zao hadharani kwa moyo mkunjufu, na ya marehemu bado haijulikani.

Nikawaandikia: "Nyinyi mnavua nguo sokoni halafu mnauliza nani kaona. Mtu mzima huweka jambo lake kubwa la maisha, na halitaji." Nilijiona nimesema.

Fundi naye alikuwa anajaribu kila kinacholetwa. Simu ikaanza kumpa adhabu. Mara asubiri dakika, mara nusu saa, mara saa nzima. Ndipo mwalimu akaingia, kwa sauti, si kwa maandishi. Alisema namba nne zinaweza kupangwa kwa namna elfu kumi, na kwa adhabu hizo zinazorefuka mtu atazeeka hajafika katikati. Tena simu nyingine zikikosewa sana hujifuta zenyewe. "Hesabu hapa haifungui," akasema. "Hesabu inatuambia tuache kubahatisha. Fundi, weka simu chini, tafadhali."

Huyo mwalimu nabishana naye kila wiki, lakini siku ile aliiokoa ile simu. Fundi aliiweka chini.

Kesho yake asubuhi nilikaa mbele ya mashine, watu wanasaga, nikaanza kusikiliza sauti za zamani za marehemu zilizobaki kwenye grupu. Nilitaka kumsikia, basi. Nikaipata ile ya uliza kwanza, kisu baadaye. Nikaona kweli, sisi sote tulikuwa tunakata. Hakuna aliyeuliza yule mtu alikuwa nani. Nikaendelea kusikiliza. Kuna mahali memba mgeni alimuuliza yeye ni wa kijiji gani, naye akajibu huku anacheka: "Mimi sina kijiji. Sisi watoto wa genge tulikuwa na kilometa."

Nikaitia mashine mikononi mwa kijana wangu wa kusaga, nikapita kwa fundi, nikachukua simu, nikapanda bodaboda mpaka Munisagara.

Mama nilimkuta anapepeta mtama. Nikamuuliza nyumba za genge alikozaliwa mumewe zilikuwa wapi. Hakuniuliza kwa nini. Alivaa kandambili, akatangulia, tukafuata njia ya reli ya zamani mpaka penye kuta mbili tatu zilizobaki na mpapai uliojiotea. Jiwe la kilometa lipo. Limelala upande, chokaa imebanduka, lakini namba imechongwa, haifutiki. Ilikuwa namba ya tarakimu tatu. Simu inataka nne.

Nikasimama pale kama gogo. Mawazo yakaanza kukata tena: tuweke sifuri mbele, au nyuma, au moja. Nikajizuia. Nikamwambia mama kwamba nadhani mzee alitumia kilometa ya kwao, ila imepungua tarakimu, na sitaki kubahatisha.

Aliitazama ile njia. Kisha akasema, taratibu, kwamba mama mkwe wake hakuwahi kutaja kilometa peke yake. Kando ya reli zilisimama nguzo za simu, nazo zilikuwa na namba, kila kilometa zinaanza upya. Baba mkwe akiwa juu ya kiberenge, kile kigari cha kukagulia njia, akiona reli imepasuka, anatoa taarifa kwa kutaja kilometa na nguzo, basi watu wanakuja wamenyooka. Na nyumba yao ilitazamana na nguzo. Nguzo yenyewe iliondoka zamani, hata shimo lake halionekani.

"Nilipoletwa hapa bibi harusi," akasema, "alinikaririsha. Kilometa fulani, nguzo fulani. Alisema nikipotea niseme hivyo kwa mtu yeyote wa reli, nitarudishwa nyumbani."

"Hiyo nguzo usiniambie ni ya ngapi," nikamwambia. "Bonyeza mwenyewe. Mimi nageuka."

Nikageuka, nikatazama mahindi ya watu. Nikasikia mlio mdogo ule wa simu kukubali. Kisha hakuendelea kubonyeza. Nikadhani analia, kumbe alikuwa hajui pa kwenda, maana maisha yake yote aliona kidole cha mumewe tu, hakuona kinapopita. Nikarudi, nikamwonyesha pa kugusa, nikamtafutia jina la binti. Zilikuwapo nyingi, zimepangana. Akagusa ya mwisho.

Nyuma ya sauti ya binti kunasikika honi ya basi na mafuta yanachemka. "Baba, mwambie mama asipike. Nakuja na nyama, basi limeshatoka."

Mama akaigusa tena ikasema tena. Hakulia. Alicheka kidogo, akafuta kioo kwa kanga. "Na kweli siku hiyo sikupika," akasema.

Tulirudi akiwa mbele, simu kaibana kifuani. Nikiwa kwenye bodaboda nikaandika kwenye grupu neno moja: Imefunguka. Pongezi zikamiminika, na nyuma ya pongezi, kama nilivyojua, maswali. Namba gani? Mzee tupe namba. Fundi akasema kitaalamu anastahili kujua. Mmoja akachokonoa, eti aliyesema ishirini na tano leo ndiye fundi wa namba? Na mwalimu, ambaye nilidhani atanitetea, akaandika: "Mzee wangu, kwenye hesabu jibu bila njia halipati alama zote. Onyesha njia."

Nikamjibu, "Nipe sifuri, mwalimu."

Siku ile nilitukanwa kwa adabu na wengi. Mmoja alijitoa kwenye grupu kwa hasira, kesho yake akaomba arudishwe, kasikia kuna msiba Mamboya. Kilometa ile mimi naijua, jiwe nililiona kwa macho yangu. Haijapita mdomoni mwangu wala kwenye kidole, na hapa pia ndiyo maana haipo.

Jambo lile lilinikaa. Jioni moja tunakula, nikamwambia mke wangu asogee nimpe namba ya siri ya simu yangu, maana hakuna ajuaye kesho. Yeye hata hakuacha kumega ugali.

"Ninayo."

"Kakupa nani?"

"Mwaka uliowasha mashine ya kwanza. Baba watoto, umeuandika kwa rangi nyekundu ukutani, na kwenye grupu ukawaambia watu wazima huweka jambo lao kubwa. Kilosa hii nani hajui jambo lako kubwa?"

Nilimaliza kula, nikaenda kubadilisha. Mpya hiyo nikampa kwa mkono wangu mwenyewe, na nyumba nzima tukacheka.

Jumapili iliyofuata mwalimu kaleta hesabu ya mananasi na ndizi, watu wanavutana. Ghafla grupu likaonyesha kwamba marehemu anarekodi sauti. Jina lake, na picha yake ile kavaa kofia. Hakuna aliyegusa kitu. Nadhani hata wale wabishi wa kuzaliwa walishika vifua.

Ikaja sauti ya mkewe. "Shikamooni nyote. Ni mimi, mama wa Munisagara. Simu hii sasa naishika mimi. Naomba kufundishwa sauti inavyohamishwa ikakaa mahali pawili, isije ikapotea."

Hapo ndipo watu wakapumua, na ushauri ukamwagika kama mahindi kwenye gunia lililotoboka. Huyu anasema kadi, huyu anasema nunua simu ya pili, wa majembe anasema asihifadhi popote kwa sababu tunasikilizwa. Mwalimu akasema Jumamosi atapanda bodaboda amfuate nyumbani, na alikwenda, zikanakiliwa zote. Fundi naye akamshauri kwa nia njema abadilishe namba ya siri, aweke mpya ya kwake, kwa kuwa ile ya marehemu watu walishaanza kuinusa.

Nilikuwa nimeinua kidole gumba nimjibu fundi, nimjibu vibaya. Mama akaniwahi.

"Hapana, fundi, asante. Hii hii inanitosha. Hata nikipotea, naijua."