Nilivyomsemea Mzee wa Makete

Mimi ni mkalimani wa daktari Mwingereza katika hospitali ya misheni, Njombe. Nina miaka ishirini na minne, kidevu laini kama cha mtoto, na hamu ya mwanamke imenihama kabisa, nami naoa mwezi ujao. Kumwambia daktari nilishindwa. Aibu!

Juzi akaingia mzee wa Makete, anayejua Kikinga tu, ameletwa na kikohozi. Shetani akanipa akili.

“Anasema nguvu za kiume zimemwishia,” nikatafsiri.

Daktari akasikitika. Akaeleza kwamba kuna sindano za homoni na kuna vidonge vya kuweka chini ya ulimi, ila lazima ampime kwanza.

“Anauliza ipi inafanya kazi upesi,” nikasema. Mzee wa watu anakohoa tu.

“Sindano. Ameoa?”

“Anaoa mwezi ujao.”

Mara mlango ukafunguliwa. Akaingia mke wa mzee, mtoto mgongoni, wa pili mkononi, na tumbo la mimba limetangulia mbele.

Daktari akalitazama tumbo, akamtazama mzee, kisha akakikazia macho kidevu changu.

“Kijana,” akaniuliza taratibu, “harusi yako uliyonialika ni lini vile?”