Filamu ya Bibi Yake

Kila nikikaanga vitunguu vya majani, harufu yake hunirudisha darasani kwetu ughaibuni, katika mji wa Richardson. Rafiki yangu, msichana wa Kitaiwan, alikuwa amemrekodi bibi yake akipika chapati za vitunguu hivyo.

“Sasa tutazame filamu kutoka Thailand,” mwalimu akatangaza.

“Taiwan,” rafiki yangu akasema.

“Ndiyo, Thailand.”

Rafiki yangu akainuka, akazima projekta. “Hamuioni mpaka wewe, mwalimu, useme sawasawa!” Tukakaa gizani hadi mwalimu, amekunja uso, akalitamka jina la Taiwan.

Bibi akatokea ukutani, mikono imejaa unga. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma.

“Umemkomesha,” nilimnong'oneza aliporudi kukaa.

“Wananichosha,” akajibu. “Hivi kwenu Kenya mnapika chapati kama hizi?”

Mwaka mzima nilikuwa nikimwambia kwetu ni Zanzibar.