Mashine Iliyotoka Safari

Juzi kwenye simu ya mwanangu niliona wanaume wazima wamepiga picha na mashine kuukuu ya mchezo waliyoifuata hadi ng'ambo ya mpaka, wakitabasamu kama mabwana harusi. Sehemu ya nyuma hawakuionyesha. Nikasonya, nikamkumbuka mjomba Guyo.

Yeye na wenzake wawili, madalali wa mifugo wa kijijini kwetu Chechelesi, walikuwa na wazimu wa kukusanya mashine hizo za kutumbukizwa sarafu. Alasiri moja lori lao lilirudi kutoka Ethiopia likinuka dizeli na mkojo wa mbuzi, wakateremsha moja ndefu yenye kioo. Guyo aliipigapiga ubavuni kama ngamia.

"Si uiwashe basi," alisema mama, dada yake.

"Imetoka safari. Wacheni ipumzike."

Leo najua muuzaji ndiye aliyemwambia hivyo, maneno yale yale ambayo Guyo aliwaambia wanunuzi kuhusu ng'ombe mgonjwa. Siku ile, nikiwa mtoto, niliamini. Niliiwekea mashine maji kwenye karai, na niliposikia ikikwaruza ndani nikajua inapata nguvu.

Mama alibandua ubao wa nyuma kwa kisu. Hakukuwa na waya hata mmoja. Akaruka kuku mwembamba, akaenda moja kwa moja kwenye karai langu akanywa.

"Mmevuka mpaka watu watatu na lori," mama alisema, "mkaleta kuku?"

Guyo alimkamata yule kuku, akampapasa kifua.

"Huyu," akawaambia wenzake, "ni wa kutaga."

Nao wakatikisa vichwa kukubali.